Sauti Mbili za Sinema ya Longino

Kwa miaka kumi na moja watu wengi wa Gitega, Burundi, walimjua Sudi kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Asubuhi alikuwa fundi wa redio na simu, mwanamume mwembamba asiyependa maneno mengi, mwenye kibanda cha mabati karibu na soko. Ikifika saa tisa alasiri alifunga kibanda, akavuka barabara, akaingia kwenye sinema ya mzee Longino, akakaa kwenye kiti cha mbao kando ya televisheni na kushika maiki. Hapo ndipo alipoanza kusema kweli kweli.

Sinema yenyewe ilikuwa chumba kirefu cha matofali, chenye mabenchi kumi na manne na magunia meusi madirishani. Filamu zilitoka India, China na kwingineko, katika lugha ambazo hakuna mmoja wetu aliyezijua. Kazi ya Sudi ilikuwa kuzisemesha Kiswahili papo hapo, bila karatasi, picha ikiwa inakwenda. Hakuwa peke yake. Upande wa pili wa televisheni alikaa Zihalirwa, Mkongomani wa Kivu Kusini, muuza vitenge, mwenye kifua kipana na kicheko kilichosikika hadi kwa wauza nyanya. Sehemu nyingine mtafsiri mmoja anazisema sauti zote, za wazee, wanawake na majambazi. Kwa Longino walikuwa wawili, na ndiyo maana filamu zilizopendwa zaidi kwake zilikuwa za marafiki wawili.

Mimi nilikuwa nakaa benchi la tatu, karibu na ukuta, kwa hiyo mengi ya hapa niliyaona. Yale ya sokoni, ya nyumbani kwake na ya safari ya Muyinga alinisimulia Sudi mwenyewe, siku moja nilipompelekea simu iliyoingia maji, bila mimi kumuuliza.

Walivyoanza ilikuwa hivi. Mtafsiri wa kwanza wa Longino alihamia Bujumbura bila kuaga. Jumapili iliyofuata Longino alimwita Sudi aje kutazama kipaza sauti kilichokuwa kinakoroma. Picha ilikuwa inakwenda, watu wamejaa, hakuna anayeelewa kitu, na kelele zimeanza. Sudi akakitengeneza kipaza sauti, akajaribu maiki kwa kusema moja mbili tatu, kisha, kwa sababu midomo ya wale watu kwenye televisheni ilikuwa inachezacheza mbele yake, akaanza kuwasemea. Watu wakanyamaza. Alikwenda vizuri mpaka wanaume wawili kwenye filamu walipoanza kugombana, naye akachanganya nani ni nani. Akasita. Ndipo sauti nzito ikatoka kwenye mabenchi ya nyuma, ikamjibu kwa niaba ya mtu wa pili:

"We unanifokea mi? We ulilala kwetu juzi, ukakula ugali ya mama yangu!"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Alikuwa Zihalirwa. Kesho yake Longino alinunua maiki ya pili.

Ukiwasikia usingedhani wametoka sehemu mbili. Sudi alizaliwa Tanzania, katika kambi ya wakimbizi wa Burundi upande wa Kigoma, akarudi na wazazi wake kambi ilipofungwa, akiwa karibu na miaka ishirini. Kiswahili chake kilikuwa cha kule, kilichonyooka, na Kirundi chake cha kukwama kwama. Mambo hayo mawili yalimtesa. Alipoomba karangamuntu, kadi yake ya uraia, aliulizwa mara tatu babu yake alitoka kilima gani, maana kwetu kilima ndicho kijiji, na mara zote tatu walimtazama mdomo badala ya kusikiliza jibu. Aliipata mwishowe. Aliitia ndani ya plastiki, akaiweka mfuko wa shati, na tangu siku hiyo sikuwahi kumwona na shati lisilo na mfuko.

Zihalirwa alikuja kwa njia nyingine. Kwanza alikuwa mfanyabiashara wa kupita tu, akileta vitenge kutoka Uvira. Baadaye kijiji chao kiliungua, mke wake akafa akiwa njiani kukimbia, na akabaki Gitega kwa dada yake, Donatienne, mjane aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni kwenye mabeseni mawili. Hakupenda kuzungumzia alichoacha. Alipenda kuzungumzia filamu.

Na ni filamu gani hizo! Majina yake halisi hatukuyajua, tulizibatiza wenyewe. Kulikuwa na Ile ya Chapati, ya vijana wawili waliofungwa jela moja, kila siku wanagawana chapati moja, mpaka mmoja anagundua kwamba mwenzake humpa kipande kikubwa na kumdanganya kwamba ameshiba. Kulikuwa na Ile ya Figo. Na kulikuwa na Ile ya Daraja, ambayo Longino aliionyesha mpaka picha ikaanza kukatika. Marafiki wawili wanakimbia vita. Darajani askari wanawazuia. Mmoja ana karatasi, mwingine hana. Askari anamuuliza mwenye karatasi, "Huyu ni nani kwako?" Naye anaichana karatasi yake na kusema maneno ambayo Sudi aliyatunga mwenyewe, maana hatukujua yule mtu wa filamu alisema nini hasa: "Huyu ni mimi. Ukimbakiza, umenibakiza."

Alipoyasema hayo, mafundi cherehani, vijana wa pikipiki, wanawake waliotoka sokoni na mabeseni yao, wote waliinamisha vichwa. Melania, mama mmoja wa makamo aliyeuza nyanya, alikuja kila Ile ya Daraja ilipoonyeshwa, akalia, akajifuta kwa kitenge, akarudi kwenye nyanya zake amechangamka. Alisema, "Mi nakuja hapa kujua kama watu bado wako."

Nje ya sinema hao wawili hawakuachana. Mwezi wa Ramadhani Zihalirwa, ambaye ni Mkatoliki, hakula mchana mbele ya kibanda cha Sudi hata kidogo. Alikwenda kula nyuma ya duka la mchele, akajifuta mdomo, ndipo akarudi. Krismasi Sudi na mke wake Swabra walikula kwa Donatienne.

Swabra alijifungua mwaka ambao mafuta yaliadimika, magari yamepanga foleni kwenye kituo toka barabara ya chini mpaka juu. Uchungu ulimshika alfajiri. Hakukuwa na gari wala pikipiki. Sudi alikimbia huku na huku mpaka akachanganyikiwa. Zihalirwa alikuja na baiskeli ya kubebea mizigo, akakunja blanketi na kuliweka juu ya kikalio cha nyuma, akampandisha Swabra, akaisukuma ile baiskeli kilima chote hadi hospitali huku Sudi akimshika mke wake mgongoni. Katikati ya kilima ndala ya Zihalirwa ilikatika. Aliitupa na nyingine, akaendelea miguu mitupu. Mtoto alizaliwa kabla ya saa mbili asubuhi, msichana, wakamwita Fatouma. Swabra hakusahau. Tangu siku hiyo alimwekea Zihalirwa sahani yake, ya bati yenye ua jekundu, na hakuna mgeni mwingine aliyeitumia.

Kisha vita vya ng'ambo, Kongo, vikazidi. Watu wakavuka mpaka kwa maelfu, na huku kwetu ukaguzi wa karatasi ukaongezeka. Karatasi ya ukimbizi ya Zihalirwa ilikuwa imepitwa na muda. Alikwenda kuibadilisha mara mbili, mara zote akaambiwa arudi na raia wa hapa atakayesema anamjua na anajua anapoishi.

"Nitakwenda na wewe Jumatatu," Sudi akamwambia.

"Jumatatu kweli, mtoto wa Kigoma?"

"Kweli."

Jumatatu hiyo mtu alimletea Sudi redio tatu za msikiti zilizotakiwa haraka. Akasema twende Alhamisi. Alhamisi hakuna aliyekumbusha mwenzake.

Jumanne ya wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, wakaguzi waliingia sokoni. Walifunga njia mbili, wakaanza kuuliza karatasi, na wasio nazo wakakalishwa chini kando ya ukuta wa duka la mbegu. Sudi alikuwa anatoka kununua risasi ya kuunganishia nyaya. Alipokunja kona alimkuta Zihalirwa amekaa chini pamoja na wanaume wengine kumi hivi, vitenge vyake amevipakata mapajani kama mtoto. Hatua chache kutoka hapo Donatienne, ambaye naye hakuwa raia, alikuwa amesimama nyuma ya mabeseni yake ya ndagala, mkono mdomoni.

Mkaguzi mmoja alikuwa anamuuliza Zihalirwa, "Hapa mjini nani anakujua? Raia. Atakuja na sisi ofisini na kadi yake, tutaangalia na ya kwake pia, atatia sahihi, basi utarudi nyumbani."

Zihalirwa hakutaja jina la mtu. Aliinua macho tu, na macho yake yakamwangukia Sudi.

Mkaguzi akageuka. "We! Unamjua huyu?"

Sudi aliniambia kwamba wakati ule alisikia kitu kimoja tu katika maneno yote: tutaangalia na ya kwake pia. Akilini aliona meza, aliona mtu akimtazama mdomo, aliona swali la kilima cha babu yake likianza upya. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye mfuko wa shati. Aliutoa mtupu.

"Namwona sokoni tu," akasema. "Huniletea redio."

Mkaguzi akamgeukia Zihalirwa. "Na wewe, unamjua?"

Hapa ndipo Sudi alipoiweka chini simu yangu siku ile aliyonisimulia. Alisema angalikuwa na nafuu kama Zihalirwa angalimlaani, au angalipiga kelele kwamba huyu ni mwongo, nimekula kwake juzi. Zihalirwa alimtazama, kisha akatazama vitenge vyake.

"Ni fundi," akasema. "Mi namletea redio. Hata jina yake sijui."

"Haya, pita," mkaguzi akamwambia Sudi.

Akapita. Nyuma yake alisikia lori likiwashwa. Hakugeuka, kwa sababu kugeuka kungemkutanisha na macho ya Donatienne.

Alasiri ile sinema ilijaa. Longino alimuuliza mwenzako yuko wapi, Sudi akasema amekwenda Bujumbura kufuata vitenge. Longino akasema basi jaribu peke yako, watu wameomba Ile ya Daraja. Mimi nilikuwepo, na sikujua lolote. Namshuhudia kwamba hajapata kuisema vizuri kama siku ile. Alisema sauti ya mwenye karatasi, akasema na ya asiye na karatasi, nzito, ya kifuani, kwa Kiswahili cha Kivu hasa, hata tukageuka kutazama kiti cha pili kama kuna mtu. Ilipofika pale darajani aliyasema maneno yale yote. Melania alilia. Watu walisimama, wakapiga makofi, na Longino akasema pengine hakuwa na haja ya maiki mbili tangu mwanzo.

Uongo wa Bujumbura ulidumu siku kumi na mbili. Swabra alikwenda kununua ndagala. Donatienne akafunika beseni kwa kitambaa.

"Kwako siuzi, mama Fatouma."

"Nimekukosea nini?"

"We hujanikosea. Nenda umuulize baba Fatouma. Mi nilikuwa nasimama hapa hapa, na masikio yangu iko mazima."

Kisha, kwa kuwa Swabra hakuondoka, akamwambia yote. Alimwambia pia kwamba kaka yake amepelekwa kwenye kambi moja mkoani Muyinga.

Sudi alipofika nyumbani kula chakula cha mchana alikuta hakuna chakula. Swabra alikuwa amekaa kwenye mkeka, Fatouma amelala kando yake.

"Umesema humjui?"

Sudi hakuuliza nani. "Wangeangalia kadi yangu, Swabra."

"Kadi yako iko na makosa gani?"

"Haina makosa."

"Sasa?"

Akajaribu kueleza. Alieleza kambi ya Kigoma, alieleza yale maswali matatu, alieleza mtu anavyotazamwa mdomo. Swabra alimwacha amalize.

"Mi nimekaa juu ya baiskeli yake nikipiga kelele kama mwendawazimu," akasema. "Ameona damu yangu. Hakusema, huyu simjui, huyu ni mke wa fundi tu."

"Najua."

"Nenda Muyinga. Usiende kwa sababu yake, ye hana haja na we sasa. Nenda kwa sababu yangu, baba Fatouma, maana nikikupakulia nasikia mkono unakataa."

Ilimchukua wiki nyingine mbili kwenda. Alitaka kwenda na kitu mkononi. Alimwendea Longino, akamwambia ukweli, na Longino akakubali waandike barua pamoja: kwamba wao wawili, raia na wakazi wa Gitega, wanamjua Zihalirwa kwa miaka kumi na moja, kwamba ni mtu wa kazi na wa tabia njema. Mkuu wa mtaa akapiga muhuri. Hakuna aliyeomba kuona kadi ya Sudi. Aliitoa mwenyewe, akaiweka juu ya meza, na mkuu wa mtaa akamwambia airudishe mfukoni, yeye anamjua. Jambo hilo, aliniambia, lilimuuma kuliko matusi yote.

Alipita Karuzi ndani ya lori la mihogo kwa sababu mabasi hayakuwa na mafuta, akafika Muyinga mchana, akamaliza njia iliyobaki kwa miguu na kwa pikipiki moja iliyomwonea huruma. Kambi ilikuwa juu ya mlima, nyumba za udongo na maturubai zimepangwa kwa mistari. Aliijua kabla hajaingia. Alijua harufu ya kuni mbichi, foleni ya madumu, watoto wanaochezea mfuniko wa sufuria. Alizaliwa mahali kama hapa.

Hakuhitaji kuuliza sana. Mwanamke aliyekuwa anasubiri maji alisema, "Zihalirwa wa sinema? Fuata watu."

Nyuma ya mabomba ya maji, chini ya turubai lililofungwa kwenye miti minne, watu karibu mia walikuwa wamekaa chini wakitazama upande mmoja. Hapakuwa na televisheni wala umeme wa kuiwasha. Zihalirwa alikuwa amesimama mbele yao, amepungua, mashavu yameingia, akisimulia filamu kutoka kichwani. Alisema picha, alisema muziki kwa mdomo, alisema mvua. Na alisema sauti zote mbili. Sudi alisimama nyuma kabisa na kujisikia mwenyewe akitoka katika kinywa cha mtu mwingine: Kiswahili cha Kigoma, kilichonyooka, na ile tabia yake ya kumeza mate kabla ya neno zito.

Ilikuwa Ile ya Daraja. Sudi alingoja afike palipo na askari. Aliamini Zihalirwa ataigeuza. Aliamini amekuja kuisikia hukumu yake mbele ya watu mia, na kwa namna fulani alikuwa anaitaka.

"Huyu ni nani kwako?" akauliza askari.

Zihalirwa akameza mate. Kisha kwa sauti ya Sudi akasema, bila kupunguza neno wala kuongeza, "Huyu ni mimi. Ukimbakiza, umenibakiza."

Mwanamke mmoja mbele akasema kwa nguvu, "Ndiyo! Hivyo!" Watu wakapiga makofi. Zihalirwa akawaachia wapige, na ndipo, akizungusha macho juu ya vichwa vyao, akamwona.

Hakushtuka. Alimaliza filamu yote, mpaka mwisho, bila haraka. Watu walipotawanyika akaja.

"Karibu," akasema, na kumpa mkono. Wazee wawili walikuwa bado wamesimama pale. Akawaambia, "Huyu ni mtu wa Gitega. Tulikuwa tunafanya kazi pamoja."

Wakakaa kwenye madumu yaliyopinduliwa. Zihalirwa akaagiza chai kwa jirani, akamtilia mgeni sukari yote iliyokuwepo. Aliuliza habari za Swabra. Aliuliza kama Fatouma ameshaota meno ya nyuma. Kuhusu kazi ya sinema hakuuliza.

"Kwa nini hukuibadilisha?" Sudi akauliza.

"Nini?"

"Ile sehemu. Ungeisema ilivyokuwa."

Zihalirwa akacheka kidogo, si kile kicheko cha sokoni. "Hawa watu wametoka wapi, unajua? Kila mmoja hapa iko na yake ya kweli. Nani anataka kusikia na yangu? Wanataka ile ya filamu. Mi nawapa."

"Na kwa nini pale sokoni ulisema hunijui?"

"Ulikuwa unaogopa. Nilikuona." Akakoroga chai ambayo sukari ilikuwa imeshayeyuka. "Wangetupeleka wawili ingesaidia nini?"

Sudi akatoa barua. Akaeleza haraka haraka: imetiwa muhuri, Longino ametia sahihi, mkuu wa mtaa anakubali, wanaweza kwenda kesho kwa wasimamizi wa kambi, kiti chake bado kipo. Zihalirwa aliisoma taratibu, midomo ikienda. Alipofika mwisho akairudia kuanzia juu, kisha akaikunja katika mikunjo ile ile na kuirudisha.

"Ni barua nzuri. Mmeandika vizuri sana."

"Basi tutakwenda?"

"Hapana. Karatasi mpya nimepata hapa, iko sawa. Kama nataka kutoka, naomba ruhusa, natoka."

"Twende nyumbani, Zihalirwa. Nimekosa. Nakuomba mbele ya Mungu unisamehe."

"Nimekusamehe kitambo," Zihalirwa akasema. "Siku ya tatu tu, au ya nne. Mi siko na kasirani na we, Sudi, usibebe hiyo. Kasirani iliisha. Lakini na kile kingine kiliisha, nikatafuta nikakosa. Tukikaa pale kwa Longino, mi huku, we kule, watu watacheka, watalia, na mi nitakuwa nasikia mtu anasoma tu."

Sudi alisema alitamani kulia, akashindwa, kwa sababu mwenzake alikuwa mtulivu mno. Walimaliza chai. Zihalirwa alimsindikiza mpaka barabarani, akamtafutia pikipiki, akamwambia dereva aende polepole kwenye mteremko. Wakapeana mikono kama watu waliofanya kazi pamoja.

Sudi alirudi Gitega. Swabra alimuuliza, "Amesemaje?" naye akasema, "Amekusalimia. Ameuliza meno ya mtoto." Swabra akaenda jikoni, akapakua, akamwekea. Walikula. Hakuna zaidi lililosemwa siku ile, na kwa kadiri ninavyojua halijasemwa hadi leo.

Kwa Longino alirudi mara moja tu. Ilikuwa filamu ya kawaida tu, ya vijana wawili wanaofungua gereji, na hakuna hata anayekufa. Alisema dakika kama kumi. Kisha mmoja alimwita mwenzake rafiki, na Sudi akaweka maiki juu ya kiti, taratibu, akatoka nje. Filamu ikaendelea kwa Kihindi chake. Tulipiga kelele, wengine wakadai warudishiwe walichotoa mlangoni. Sasa Longino anaonyesha mpira. Mabenchi yanajaa kama zamani, pengine zaidi, maana mpira hauhitaji mtu wa kuusemea. Melania haji.

Donatienne aliuza mabeseni yake kabla ya mvua na kumfuata kaka yake Muyinga. Asubuhi aliyoondoka, Swabra alikwenda kumsindikiza. Alikuwa ameandaa mfuko wa kumpelekea Zihalirwa: mchele, sabuni mbili, shati, na ndala mpya za mpira mgumu. Sudi ndiye aliyeubeba mfuko ule kutoka nyumbani mpaka kwenye gari, maana ulikuwa mzito. Alipouweka chini aliona karatasi iliyoshonewa juu yake, kwa mwandiko wa mke wake: kutoka kwa Swabra na Fatouma. Donatienne aliupokea mfuko kutoka mikononi mwa Swabra, aliyekuwa ameuokota tena. Sudi alisimama kando, karibu na watu wengine waliokuja kuwasindikiza watu wao, mpaka gari lilipojaa na kuondoka. Kisha akaenda kufungua kibanda.